Tuchoreeni Kolo nyingine hapa Dodoma mjini

Ndani ya Victoria and Albert Museum, jumba la makumbusho ya sanaa na ubunifu jijini London, kuna jani la plasta lililonichekesha mpaka mlinzi naye akacheka. Liko nyuma ya sanamu ya Daudi yenye urefu wa zaidi ya mita 5, nakala ya ile ya mchongaji Michelangelo. Daudi yuko uchi wa mnyama. Zamani, wakija wageni wa kike wa ukoo wa kifalme, jani hilo lilitundikwa ili kumsitiri.

Siku ile nilicheza kama mtoto, na kuingia ni bure. Kuna kitanda cha miaka ya 1590, Kitanda cha Ware, chenye upana wa zaidi ya mita 3, ambacho wageni wa nyumba za wageni walikichonga herufi za majina yao. Nilikizunguka nikitafuta ya kwangu. Kwenye kumbi za nakala, zilizofunguliwa mwaka 1873, nguzo ya mfalme Trajan ya Roma imesimamishwa vipande viwili kwa kuwa nzima isingeenea chini ya paa. Plasta tupu! Lakini fundi asiye na nauli ya kwenda Roma alikuja hapo, akaangalia, akajifunza, akarudi kazini.

Sasa sisi. Kolo, Kondoa, tuna michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, katika mapango zaidi ya 150. Watu warefu wembamba wa rangi nyekundu, vichwa vyao vikubwa vya ajabu, wanyama wanaotembea juu ya jiwe. Kuifikia ni kupanda mawe. Mama mkubwa wangu, kwa magoti yake yale, hawezi kamwe. Na ukifika, usiguse. Ni sawa kabisa, kwa maana kikifutika hakirudi.

Ndiyo maana nataka nakala, hapa mjini, za ukubwa uleule, na mwamba wa kuigiza wenye mabonde na nyufa zake, mtoto aupapase atakavyo. Pembeni kuwe na udongo mwekundu na ukuta wa kuchorea. Fundi wa kuchomelea mageti wa Majengo apite jioni, aone mistari ile, kesho yake aitie kwenye geti la mteja. Mbona mageti yetu yamejaa maua ambayo hata hayaoti Dodoma?

Atakayesema nakala ni feki namkumbusha Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale. Mwaka 1951 alikaa Kondoa akinakili michoro hii kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, na nakala zake zikawafikia watu ambao Kolo hawatafika maishani.

Wachoraji tunao, saruji tunayo, na jiji bado linapima viwanja kila kukicha. Kimoja kitengwe kwa kazi hii, karibu na stendi, na mlangoni pasiwe na kiingilio.