Nilivyokamatwa Nikihesabu Umeme

Huku kwetu Mufindi, mwezi wa saba baridi haipigi hodi. Inaingia, inakaa, inakula na sisi. Ukifungua mlango alfajiri unakuta ukungu umesimama kizingitini kama mtu anayekudai. Mimi nimezaliwa huku, nimezoea. Mke wangu katokea Pangani, pwani ya Tanga.

Kwa hiyo ndoa yetu, miaka tisa sasa, ina ugomvi mmoja tu, nao ni maji ya moto. Zamani tulikuwa tunachemsha kwa mkaa na tunagombania sufuria. Mwaka jana nikasalimu amri, nikafunga hita ya kuogea, zile zinazokaa palepale kwenye bomba la mvua. Wati 5,500. Fundi aliyeifunga alinitazama kwa huruma. "Mzee, hii kitu inakula." Nikamwambia wewe funga, ndoa nayo inakula.

Mambo yakaenda vizuri mpaka Julai hii. Nikanunua umeme wa shilingi 20,000. Wakakata kwanza 1,500 ya kodi ya jengo (jengo lenyewe si langu, mimi mpangaji, lakini mita haijui hayo), nikabaki na uniti 51 na ushee. Mwezi wa tano hela kama hiyo ilitufikisha wiki mbili, nikajua nimetulia. Siku ya tano, saa tatu usiku, rimoti ya LUKU ikaanza kulia ukutani: pii, pii, pii.

Siku tano!

Nikanunua tena. Kama hujawahi kubonyeza tokeni ya tarakimu ishirini na vidole vimekufa ganzi, hujaijua Mafinga, mji wetu huu wa Mufindi. Mara mbili nilikosea tarakimu ya kumi na saba. Mara ya tatu ikakubali, nami nikiwa na hasira iliyoiva. Nikaitisha kikao cha familia palepale sebuleni.

"Katika nyumba hii," nikasema, "kuna mtu anaoga kama anaosha gari."

Watoto wakamtazama mama yao. Mama yao akanitazama mimi.

"Baba Zuhura, kwetu hata maji ya bahari ni vuguvugu. Mimi niliolewa, sikufungwa."

Nikatoa ratiba. Nilikuwa nimeshaiandika. Kila mtu dakika nne, tena hita inawashwa mtu akiwa tayari ndani. Zuhura, yuko darasa la tatu, akanyoosha mkono kama yuko shuleni. "Baba, dakika nne ni pamoja na kuvua nguo?"

Ratiba haikumaliza siku mbili. Shida ni kwamba mke wangu haogi kwa saa, anaoga kwa taarabu. Anaingia na wimbo, anatoka na wimbo, na taarabu wimbo mmoja dakika kumi na tano, bado hujahesabu pale anaporudia kibwagizo kwa sababu kimemgusa. Nikigonga mlango kwa mfuniko wa sufuria kumkumbusha muda, anapandisha sauti.

"Na wewe mbona hatukusikii ukioga?" akaniuliza siku moja mezani.

Nikamjibu kwa kiburi kwamba mimi mtoto wa huku, naoga maji ya baridi, tulikuwa tunaogea mtoni wakati majani yana barafu. Ukweli, na hapa nasema kwa sababu yeye hasomi mambo haya, tangu Juni ishirini nilikuwa naoga paspoti saizi: uso, shingo, mikono, basi. Picha ingetoka vizuri. Chini ya hapo sisemi.

Nisisahau kutaja mradi wangu. Mwanzoni mwa Julai nilinunua vifaranga 100 wa kroila, nikawaweka kwenye stoo ya nyuma, nikawamwagia maranda kutoka kiwanda cha mbao, nikawafungia balbu moja nyekundu ya kuwapa joto. Balbu tu. Kila jioni napita kuwakagua. Nakaa juu ya ndoo dakika ishirini hivi, nusu saa, nawatazama. Kuna kijoto kizuri mle. Siku nyingine nakwenda na chai.

Turudi kwenye wizi wa uniti. Rafiki yangu kazini akaniambia mita ina kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni imeandikwa kikipepesa mara ngapi uniti moja imekwenda. Mita za nyumba yetu ni mara 1,000. Akasema, ukitaka kumjua mla umeme, hesabu mwenyewe wakati anakula. Wazo hilo lilinipendeza kuliko inavyostahili. Nikanunua daftari dogo.

Nyumba tunayokaa ni pacha, sisi huku, kwa Baba Neema kule, na mita zote mbili zimefungwa nje ukutani, zimekaa bega kwa bega. Mimi tokeni naingizia kwenye rimoti ndani, sasa mita yenyewe nilikuwa naitazama ya nini? Nikachagua ya kulia. Ilionekana ndiyo yangu. Ilikuwa na sura ya kula.

Siku tatu mfululizo nikawa naamka saa kumi na moja kasoro alfajiri. Kofia ya mzula, blanketi kichwani mpaka magotini, simu mdomoni kwa ajili ya tochi, daftari mkononi. Mke wangu akiingia kuoga, mimi nachuchumaa ukutani. Na niliyoyaona yalinitisha. Kitaa kilikuwa kinapepesa mbiombio, kinatulia kidogo, kinaanza tena. Nikaandika: "Hita inapumua." Mke wangu akimaliza, namsikia kabisa anafunga mlango wa bafu, kitaa kinaendelea! Saa kumi na mbili bado kinakwenda! Nikaandika kwa herufi kubwa: "HITA INAENDELEA KULA HATA IKIZIMWA." Nilijiona kama mgunduzi.

Siku ya nne nikiwa kwenye pepeso la mia tatu na kumi, nikasikia beseni limeanguka nyuma yangu.

"Mwiziii! Baba Neema, mwizi wa umemeee!"

Mama Neema ni dobi, hupiga pasi sare za watu kuanzia alfajiri. Alikuwa ametoka kumwaga maji, akakuta blanketi limeinama kwenye mita lina mwanga mdomoni. Nilijaribu kumwambia ni mimi, lakini simu ilikuwa kati ya meno, ikatoka sauti ambayo hata mimi ningekimbia. Kabla sijaitema, Baba Neema ameshatoka na ubao wa mbili kwa nne. Mji wa mbao huu, kila mtu ana silaha nyuma ya mlango.

"Ni mimi, jirani! Ni mimi!"

"Wewe nani?"

"Baba Zuhura!"

Ubao ukashuka, lakini nusu tu. Majirani walikwishaanza kutoka, makoti juu ya nguo za kulalia, mmoja kaja na mswaki. Mwenyekiti wa mtaa anakaa nyumba ya tatu, naye akafika, akanisalimia "Kamwene" kwa adabu zote, kisha akauliza nilikuwa najiunganishia umeme tangu lini.

"Sijiunganishii, mwenyekiti. Nilikuwa nahesabu."

"Unahesabu nini kwenye mita yangu?" akauliza Baba Neema.

Hapo ndipo nilipopata habari kwamba mita ni yake. Sikuwahi hata kuifikiria vizuri, kwa sababu alikuwa ameshaliokota daftari langu, analisomea kwenye tochi ya yule mwenye mswaki. Akasoma kwa sauti, polepole, kama mtu asomaye wosia.

"Saa 11:02. Ameingia bafuni."

Watu kimya.

"Saa 11:05. Anaimba. Saa 11:17. Bado anaimba, sasa anasugua miguu."

Ubao ukapanda tena.

"Baba Zuhura! Unamchungulia mke wangu akioga?"

"Si mke wako! Ni mke wangu!"

"Mkeo unamchungulia kupitia kwenye mita yangu?"

Mimi nilisomea uhasibu, si uwakili. Kadiri nilivyoeleza ndivyo kesi ilivyonenepa. Mwenyekiti akaomba daftari, akavaa miwani, akafungua ukurasa mwingine, akasoma: "Jumanne. Amezidisha dakika kumi na moja. Dawa yake ipo." Mama Neema akajifunga khanga vizuri zaidi.

Wakati huo wote, humo ndani, taarabu ilikuwa inaendelea. Ikakatika. Mlango ukafunguliwa, mke wangu akatoka na khanga mbili, kilemba cha taulo, mvuke unamtoka mabegani kama kiazi kilichotoka jikoni. Akamwamkia mwenyekiti, akamsalimu kila mtu kwa zamu, kipwani kabisa, bila haraka. Kisha akanyoosha mkono, akapewa daftari. Akasoma kurasa zote tatu. Sijawahi kuona mtu anasoma vile.

"Baba Zuhura," akasema kwa upole, na upole wa mtu wa Tanga uogope, "umeniandika daftarini kama deni la dukani?"

Aliyeniokoa, kama huo ni uokovu, alikuwa yule kijana mwenye mswaki. Kumbe ni fundi umeme. Akasema tusibishane, mita zipo. Akamtuma Zuhura azime swichi kubwa ya kwetu. Kitaa cha mita ya kushoto kikasimama. Cha kulia kikaendelea mbio. "Mzee, umehesabu pasi ya Mama Neema siku zote hizi," akasema. Ndiyo iliyokuwa inapumua. Pasi ikipata moto inajizima, ikipoa inajiwasha.

Watu wakacheka. Nikadhani yameisha. Swichi ikawashwa tena, kijana akaendelea kuinamia mita yangu ya kushoto. Kitaa kikapepesa mara moja. Kimya. Akahesabu mpaka kumi na nne, kikapepesa tena. Akahesabu tena kumi na nne.

"Hita imezimwa?"

"Imezimwa," akajibu mke wangu.

"Taa?"

"Zote."

"Friji?"

"Friji ya nini Mafinga?"

"Basi nani anakula humu ndani?"

Nikasema hakuna mtu, labda mita mbovu. Nilikuwa nimeshaanza kutunga barua ya malalamiko kichwani. Ndipo kutoka stoo, katika utulivu ule, zikasikika sauti ndogo ndogo mia moja: chwi, chwi, chwi, chwi.

"Vifaranga wa baba!" akasema Zuhura kwa furaha, kama kajibu swali la mtihani.

Kijana akaenda, akachungulia balbu, akarudi akitikisa kichwa. Wati 250. Akachukua kalamu yangu, akaandika kwenye daftari langu, mbele ya watu wote. Mama akioga robo saa kwa hita ya wati 5,500, kitaa kinapepesa kama mara 1,375, yaani uniti moja na robo na zaidi kidogo, haifiki shilingi mia tano. Balbu inapepesa mara 250 kwa saa, haina haraka, lakini hailali, haitoki kwenda sokoni, haiimbi ikamaliza. Saa ishirini na nne, mara 6,000. Uniti sita. Zidisha kwa shilingi 356, zaidi ya 2,100 kila siku inayokwenda kwa Mungu.

"Kwa hiyo kuku wanaoga mara nne zaidi yangu," akasema mke wangu.

"Na wao hawana ratiba," akaongeza Mama Neema, ambaye sikumuuliza.

Mwenyekiti akafunga kesi kwa kunitoza soda za waliokusanyika. Watu kumi na wawili, saa kumi na mbili alfajiri, baridi ile, na wote wakanywa. Baba Neema alikunywa mbili, moja ya mshtuko. Mpaka leo akiniona asubuhi hasemi "habari za kuamka." Anasema, "Kamwene jirani, umefika ngapi?"

Vifaranga nimewahamishia kwenye chungu cha mkaa, na tundu kubwa nimewatobolea juu ya ukuta hewa ipite, maana moshi wa mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua kuku na mwenye kuku. Stoo siku hizi haina kijoto kile. Sikai tena.

Jioni ile ya aibu mke wangu alichukua taulo, akachukua sabuni, akasimama mlangoni pa bafu. Nikajua linakuja, nikajifanya nasoma gazeti.

"Leo naoga nyimbo mbili," akasema. "Ukitaka kuhesabu, ya kwetu ni ya kushoto. Na ukimaliza, maji yapo, uje uoge na wewe. Mume wangu, tangu Juni."