Makapi ya mkonge na hesabu ya udongo wa Tanga

Kila unapozuka mjadala kuhusu marundo ya makapi yaliyo nyuma ya viwanda vya mkonge mkoani Tanga, wazo la kuyageuza kuwa mboji kwa kazi ya vijiumbe huondolewa mezani mapema, tena kwa hesabu ambayo ukiitazama harakaharaka haina dosari. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Mboji iliyoiva ina naitrojeni ya asilimia 1 hadi 2 tu, kwa hiyo anayezitaka kilo hizo 23 atabeba tani moja hadi mbili na ushei za mboji, na hata akizifikisha shambani, sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo haitapatikana katika msimu wa kwanza. Ongeza mshahara wa wanaopindua malundo, ongeza dizeli, na kumbuka kwamba mbolea ya viwandani imekuwa ikipewa ruzuku ya Serikali tangu msimu wa 2022/23. Wanaotoa hoja hii ni watu makini na tarakimu zao ni sahihi. Ninachobishana nacho ni mahali wanapoanzia kuhesabu.

Hesabu ianzie kwenye jani. Katika uzito wa jani bichi la mkonge, singa, yaani nyuzi zinazouzwa, ni takriban asilimia 4. Ili ipatikane tani moja ya singa, tani 25 za majani hupita kwenye korona, mashine inayotenganisha singa na nyama ya jani, na tani 24 hubaki kama maji na nyama ya jani. Serikali ilijiwekea lengo la kuzalisha tani 120,000 za singa kwa mwaka. Uzalishaji ukifika hapo, makapi yatakaribia tani milioni 2.9 kila mwaka, na sehemu kubwa yake itakuwa katika wilaya chache zilizopakana.

Wingi huo unatisha, lakini kilichomo ndani yake kinastahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi. Singa kwa sehemu kubwa ni selulosi, yaani kaboni, haidrojeni na oksijeni ambazo mmea ulizipata kwenye hewa na maji. Madini yaliyofyonzwa na mizizi hayapakiwi melini pamoja na marobota ya singa, isipokuwa kiasi kidogo sana. Karibu yote hubaki kwenye makapi na kwenye maji ya korona. Makadirio yanayotumiwa na wataalamu wa udongo ni kwamba kwa kila tani ya singa inayovunwa, shamba hupoteza takriban kilo 30 za naitrojeni, kilo 60 hivi za potasiamu, na kilo 40 hadi 70 za kalsiamu. Bidhaa tunayoiuza imetengenezwa kwa hewa na maji, na kinachotupwa nyuma ya kiwanda ndicho kilichotoka ardhini. Mkonge umelimwa kanda hii tangu mwaka 1893, na kuna mashamba ambayo yametoa majani kwa miongo mingi bila kurudishiwa chochote. Utafiti wa mwanasayansi wa udongo Alfred Hartemink na wenzake katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano, wilayani Muheza, ulionyesha matokeo yake: kwenye udongo mwekundu uliolimwa mkonge mfululizo, asidi imeongezeka na madini yamepungua.

Ndiyo maana kuilinganisha mboji na urea ni kuipima kwa kirutubisho kimoja, tena kile ambacho urea inakiweza kuliko vyote. Urea haina potasiamu wala kalsiamu, na naitrojeni yake inapogeuzwa kuwa naitreti udongoni, huacha asidi nyuma yake. Mkonge ni mmea unaohitaji kalsiamu kwa wingi. Kuutunza kwa urea pekee katika udongo ambao tayari una asidi ni kuharakisha uchovu uleule tunaotaka kuutibu.

Makapi mabichi, hata hivyo, hayawezi kumwagwa shambani yalivyo na kuitwa mboji. Yana asidi, yana maji mengi mno, na yana saponini, kemikali za asili za mmea ambazo ni sumu kwa samaki, jambo ambalo wakazi wa kando ya mito inayopokea maji ya korona wana haki ya kulilalamikia. Yakirundikwa bila hewa huoza kwa uvundo na kutoa methani. Yakichujwa maji, yakachanganywa na samadi ili kaboni iwe mara 25 hadi 30 ya naitrojeni, kisha yakapinduliwa mara kwa mara, kazi hufanywa na viumbe vingine kabisa. Bakteria wa joto la kawaida hula sukari kwanza na kulipasha lundo. Joto likivuka nyuzi 45, wanaohimili joto hushika zamu na kulifikisha nyuzi 60 au zaidi, hali inayoua mbegu za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Lundo likipoa, kuvu na aktinomaiseti, bakteria wanaoota kwa nyuzi kama kuvu, huumalizia ule ugumu wa selulosi na lignini, kitu kinachoipa mimea ugumu wa mti.

Viumbe hao tayari wamo kwenye samadi na kwenye udongo. Nasisitiza hili kwa sababu hoja ya mboji imeharibiwa sana na wauzaji wa chupa za vijiumbe vya miujiza. Majaribio ya shambani ya miaka minne huko Zurich, Uswisi, yaliyochapishwa mwaka 2010, yaliona kuwa manufaa ya mchanganyiko maarufu wa aina hiyo yalitokana na malighafi iliyobeba vijiumbe, si vijiumbe vyenyewe. Fedha ya chupa hizo ingefaa zaidi kulipia samadi na vibarua wa kupindua lundo.

Upo pia wasiwasi ambao siupingi hata kidogo: tukishaiita mboji suluhisho la taka za viwandani, mwenye kiwanda cha ngozi naye ataleta zake. Vijiumbe huvunja kaboni. Hawawezi kuivunja kromiamu, metali inayotumika kutengenezea ngozi. Lundo likipungua uzito kwa nusu, kiwango cha kromiamu katika kila kilo huongezeka maradufu. Nchini Marekani, jimbo la Maine lilipiga marufuku mwaka 2022 kutandaza tope la majitaka mashambani kwa sababu ya kemikali za PFAS ambazo haziozi. Kwa hiyo Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea inapaswa kuuliza asili ya malighafi kabla ya kuuliza kiwango cha naitrojeni, na makapi ya mkonge yatajibu swali hilo bila shida.

Wapo wanaosema makapi yaachiwe nishati, wakiutaja mtambo wa biogesi wa kilowati 150 uliojengwa Hale. Sioni ugomvi hapo. Biogesi huchukua kaboni. Madini hubaki kwenye tope linalotoka mtamboni, na tope hilo linaweza kwenda kwenye lundo au moja kwa moja shambani.

Pingamizi zito kuliko yote ni potasiamu. Huyeyuka kirahisi, na korona ya maji huiosha na kwenda nayo, hivyo mboji ya makapi makavu pekee hairudishi yote yaliyochukuliwa. Kiwanda kitalazimika kutumia maji machache zaidi, au kuyatumia maji hayohayo kulowesha malundo, na hiyo ni gharama ya kweli.

Lakini gharama ya usafiri, inayotajwa kwanza siku zote, inahesabiwa kana kwamba mboji inatafuta njia mpya. Tela lililoleta tani za majani kwenye korona hurudi shambani tupu. Kwa wakulima wadogo wa AMCOS, yaani vyama vya ushirika wa mazao, za Korogwe, wanaopeleka majani kusindikwa mbali na mashamba yao na kulipwa kwa singa peke yake, madini ya shamba hubaki kwa mwenye korona bila hata kuandikwa popote. Mkataba wa usindikaji unaweza kubadilishwa ili useme makapi ni ya mwenye majani, kiwanda kiyaozeshe kwa ada inayojulikana, na tela lirudi na mboji kwa uwiano wa majani yaliyoletwa. Ada hiyo iwe kiasi gani, na nani abebe gharama ya msimu wa kwanza kabla mboji haijaiva, ndiyo mazungumzo ambayo vyama hivyo na wasindikaji wanapaswa kuyaanza sasa, kabla lengo la tani 120,000 halijatimia.