Chuma Kilie Chenyewe, Spika Ikae Kando

Kazi nyingi za sanaa za roboti zinazoitika mguso huishia pabaya: mtu anagusa bamba, kompyuta inacheza faili, spika inatoa mlio ambao hata simu yake ingeutoa. Sasa roboti iko wapi hapo? Afadhali mtu akigusa, roboti igonge chuma halisi. Arusha tuna gereji za Unga Limited zenye springi za gari zilizochoka, na kila aliyesoma shule iliyotundika rimu la lori badala ya kengele anajua chuma kikigongwa husikika mbali kiasi gani.

Kata bapa la springi la sentimita 60, ulitundike kwa kamba mahali pawili, kila kamba ikae sentimita 13 na nusu kutoka ncha iliyo karibu nayo. Hapo chuma hakitikisiki sana kinapolia. Ukikifunga katikati utapata "ko" kavu tu. Bapa likiwa limepinda, sogeza kamba kidogo kidogo mpaka mlio urefuke. La nusu ya urefu huo, kwa unene uleule, sauti yake hupanda oktavu mbili.

Kigongeo kiwe solenoidi (koili ya umeme inayosukuma kijiti cha chuma) ya volti 12, pigo la milisekunde 20 hadi 30. Likizidi, ncha inabaki imekandamiza chuma na kuua mlio, na koili inachemka. Mota za sentalok (zinazofunga milango ya gari kwa umeme) ni rahisi kupata, lakini giya zake ni nzito na zina kelele. Kuwasha koili tumia mosfeti (swichi ya kielektroniki) inayofunguka vizuri kwa volti 3.3, na daiodi (inayopitisha umeme upande mmoja tu) ya 1N4007 iliyogeuzwa sambamba na koili; bila hiyo umeme unaorudi huiunguza mosfeti.

Bodi ya ESP32, kompyuta ndogo ya kuongoza kigongeo, ina pini 10 za mguso, na namba ambayo pini inasoma hushuka mtu akigusa. Pini ya GPIO 12 iache: ikikuta volti bodi inapowaka, bodi hugoma. Bamba la shaba la kugusa liwe la ukubwa wa kiganja, waya usizidi sentimita 30. Bapa linalolia lisiwe ndilo la kugusa, kwani kiganja kitalizima.

Umeme ukikatika na kurudi huku mtu kaweka mkono, bodi hudhani mkono ndiyo hali ya kawaida, ikawa kiziwi. Betri ya pikipiki inaepusha hilo, ila bila waya wa ardhi mguso hudhoofika. Tandika bati sakafuni, uliunganishe na hasi ya betri.

Masika nayo hushusha namba kwa unyevu, kwa hiyo programu ifuate mabadiliko polepole, isipokuwa wakati wa mguso. Anayeweka kizingiti kimoja (namba ambayo chini yake bodi huhesabu mguso) Januari atakuta Aprili chuma kinajigonga usiku kucha, na majirani wa Sakina hawatamwelewa.