Riwaya imesema "kweli", basi tumekwisha

Jamani, hivi mtu akisoma riwaya moja ndiyo kawa mwanahistoria? Kijiweni kwetu hapa Mtwara, kahawa haijapoa, binamu yangu keshaanza: Priory of Sion, jumuiya ya siri, tangu 1099! Kaitoa kwenye The Da Vinci Code, riwaya ya Dan Brown ya 2003, ambayo mwanzoni inatangaza kuwa jumuiya hiyo ni ya kweli. Kumbe Pierre Plantard na wenzake waliisajili Ufaransa 1956, na zile nyaraka zake "za kale" ni za kughushi. Nikimwambia, ananijibu, "Kitabu kimeuza mamilioni, wewe umeuza nini?" Korosho, bwana. Nimeuza korosho!

Sikatai, huyo Dan Brown anajua kukimbiza hadithi. Sura fupifupi, kila moja inakuacha roho juu. Mimi mwenyewe nilikesha nayo hadi adhana ya alfajiri. Hela yake kaila kihalali. Ila hilo neno "kweli"!

Juzi binamu kahamia kwa mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa wa kule Lindi. Eti Wajerumani walipofukua 1909 hadi 1913 walikuwa wanaficha kitu. Mifupa iko Berlin, imesimamishwa, watu wanakata tiketi kuiona. Imefichwa wapi?