Shangazi Yangu Hana Kisanduku

Jumamosi iliyopita nilimkuta shangazi barazani kwake Majengo, Mombasa, amenuna, na yeye si mtu wa kununa. Mahamri yamepoa kwenye sahani, kahawa hajaigusa. Asubuhi hiyo alikuwa amepitiwa na kijana wa utafiti: fulana ya chuo, kitambulisho shingoni, tableti mkononi. Kijana mpole, hana neno. Aliamkia vizuri, akaitikiwa marahaba, akapewa kiti. Mambo yaliharibika kwenye swali la nne.

"Mama, nyumba hii ni yako ama umepanga?"

"Nyumba ni yangu, mwanangu. Ardhi si yangu."

Kijana akatazama tableti. Akamtazama shangazi. Akarudia swali polepole na kwa sauti ya juu kidogo, kana kwamba tatizo ni masikio. "Yaani wewe ni mmiliki, ama mpangaji?"

"Nyumba tulijenga mimi na marehemu mume wangu. Kiwanja nakilipia kodi kila mwezi kwa mwenyewe. Na vyumba vinne nimepangisha. Sasa wewe andika uonavyo."

Programu ikagoma kusonga mbele bila jibu moja. Mwisho kijana akabonyeza "Nyingine", na lile fungu zima la maswali kuhusu thamani ya nyumba likarukwa lenyewe. Akashukuru, akaaga, akaenda mlango wa pili. "Alikuja kuuliza habari za nyumba," shangazi akaniambia, "akaondoka hakuuliza habari za nyumba." Kisha ndipo akanywa kahawa yake, baridi vilevile.

Simlaumu kijana. Analipwa kwa fomu, na fomu hakuiandika yeye. Nami najua kidogo ilikotoka, maana wengine wana miraa, mimi nina tafiti za soko la nyumba. Nazisoma usiku kama watu wasomavyo habari za mpira. Shahada ya pili sikuimaliza (hadithi ndefu, na msimamizi wangu bado yu hai), lakini uraibu ulibaki.

Taaluma hii imekulia penye nyumba zinazouzwa. Wanauchumi Karl Case na Robert Shiller, kule Boston miaka ya themanini, walipotaka kujua bei zinaelekea wapi walifuata nyumba ileile ikiuzwa mara mbili, wakalinganisha bei ya kwanza na ya pili. Wazo lenyewe Bailey, Muth na Nourse walikuwa wamelitoa tangu 1963. Ni hesabu safi, siibezi. Ila ili ifanye kazi, nyumba sharti iuzwe, iuzwe tena, na mara zote mbili pawe na mtu aliyeandika. Ya shangazi haijauzwa hata mara moja. Ya jirani wa kulia ni ya mirathi, warithi kumi na mmoja, hawasemezani. Ya kushoto imesimama kwenye kiwanja cha wakfu, na wakfu hauuzwi, ndiyo maana yake. Tafuta jozi ya mauzo mtaa ule mpaka jua lichwe.

Hapa kwetu Kenya tuna fahirisi ya bei za nyumba, yaani kipimo cha bei zinavyopanda na kushuka, ya chama cha mabenki, ilianza 2015. Inatokana na nyumba zilizopitia mikopo ya mabenki. Na mikopo yenyewe ya kununulia nyumba, kwa ripoti za Benki Kuu, ni kama elfu thelathini hivi nchi nzima, katika nchi ambayo sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47 na ushei. Waalike wakopaji wote hao uwanja wa michezo wa Kasarani na viti vingi vitabaki vitupu. Kisha mtu asimame kongamanoni, hoteli ya ufukweni, atuambie "soko la nyumba la Kenya limepoa". Lipi? La hao wa Kasarani?

Ila linalonikera hasa ni hili la nyumba kuwa na mwenyewe na ardhi kuwa na mwenyewe, maana kila fomu, kila fahirisi na kila dirisha la benki hulichukulia kama kosa la uandishi. Mtu wa pwani haoni ajabu yoyote. Mnazi wangu, ardhi yako. Nazi zangu, kivuli chetu sote. Aliyeshtuka ni sheria ya Kiingereza, ambayo kwayo kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Sheria ya hatimiliki ya 1908 ilipokuja kuandikisha ukanda wa pwani wa maili kumi, iliwaandika waliojitokeza kudai ardhi, na ile isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Majengo na mitaa mingi mfano wake ilijengwa juu ya viwanja vya watu: unakodi kiwanja, unasimamisha nyumba yako ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, unaishi kimoja au viwili na vingine unapangisha. Fito na udongo kwanza, saruji baadaye, makuti yakawa mabati. Si siri. Richard Stren wa Toronto aliandika kitabu kizima juu ya sera za makazi za Mombasa, kikatoka 1978. Kwa hiyo asije mtu leo na tableti akaniambia hali yetu ni "ya kipekee, haikutarajiwa".

Miaka ya nyuma shangazi alikwenda benki moja mjini, siitaji, kuomba mkopo wa kuezeka upya. Alibeba bati la biskuti. Mle bati mna risiti za kodi ya kiwanja tangu enzi za mume wake, zimefungwa kwa uzi wa kushonea, mwaka kwa mwaka, nyingine wino umegeuka rangi ya chai. Kwake yeye hizo ni ushahidi wa uaminifu: miongo mitatu hakukosa mwezi. Afisa alizipitia mbili tatu, akasema, "Mama, hizi ni risiti za kodi. Maana yake wewe ni mpangaji." Mkutano ukaisha. Bati la biskuti likarudi chini ya kitanda, na mabati ya paa yakanunuliwa kwa pesa za chama, awamu tatu, mvua ya masika ikinyesha katikati ya ya pili.

Hebu wanauchumi wa fedha mniambie. Mwanamke mwenye kipato cha vyumba vinne, na rekodi ya malipo ambayo nusu ya wakopaji wenu hawana, mfano wenu wa hesabu unamwona hana dhamana. Kasoro iko kwake au kwa mfano?

Najua jibu lililo tayari: mpeni hati. Mwanauchumi wa Peru, Hernando de Soto, alishaandika mwaka 2000 kwamba mali za maskini ni mtaji mfu, zikipata hati zitafufuka na benki zitafungua milango. Hapo ndipo utafiti mzuri unaponisaidia, nakiri kwa shingo upande. Sebastian Galiani na Ernesto Schargrodsky walikwenda viungani mwa Buenos Aires, mahali ambapo watu walivamia ardhi mwaka 1981. Serikali ikaamua kuitwaa ardhi ile iwagawie. Baadhi ya wenye ardhi wakakubali fidia, wengine wakaenda mahakamani, hivyo majirani wa aina moja wakajikuta huyu ana hati, yule hana, kwa sababu zisizowahusu wao kabisa. Waliopata hati walitengeneza nyumba zao vizuri zaidi na watoto wao wakasoma zaidi. Mikopo je? Karibu hakuna kilichobadilika. Benki ilibaki benki.

Na kwetu hati ataandikiwa nani? Mwenye kiwanja cha shangazi alifariki zamani. Anayekuja kuchukua kodi ni mjukuu, kijana wa tuktuk, mstaarabu sana. Warithi wengine wako Muscat, mmoja London, na wawili wako hapo hapo mtaa wa nyuma wana kesi. Ukimpa shangazi hati ya ardhi umewanyang'anya hao. Ukiwapa hao peke yao umempa shangazi notisi ya kuhama. Swali la maana la utafiti liko hapo katikati: haki mbili juu ya kipande kimoja, kila moja ina bei gani, na nani angeinunua? Nionyesheni makala kumi juu ya hilo, nami nitanyamaza mwaka mzima.

La riba nalo, kwa mstari mmoja: mji umejaa watu wasiotaka mkopo wa riba, benki za Kiislamu zipo tangu 2008, na bado fomu inauliza "kwa nini hujakopa?" bila kisanduku cha "dini yangu".

Umbali pia. Mfano wa hesabu wa William Alonso, mtaalamu wa miji, wa 1964 unasema kadiri ukaribiavyo katikati ya mji ndivyo ardhi inavyopanda bei. Alonso hakuwahi kusimama foleni ya feri. Likoni unaiona kwa macho kutoka kisiwani, ungepiga kelele ungesikika, na chumba kule ni nafuu kuliko ng'ambo ya daraja la Nyali. Kilomita hazina kazi. Pima kwa jasho.

Sisemi haiwezekani. Benjamin Marx, Thomas Stoker na Tavneet Suri waliingia Kibera kule Nairobi, pasipo na hati hata ya kufungia maandazi, wakaonyesha kwamba mwenye nyumba akiwa kabila moja na chifu, kodi hupanda, na mpangaji akiwa wa kabila la chifu, hushuka. Ilichapishwa 2019. Walikwenda, wakauliza nani anamlipa nani. Basi. Kumbe hata Majengo inawezekana, mtu akiwa tayari kukaa barazani zaidi ya dakika ishirini.

Mimi asilimia 1.5 ya mshahara wangu inakatwa kila mwezi kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Sawa, ikatwe. Nataka tu kujua wanaopanga matumizi yake wanasoma takwimu zipi, na kama mle ndani shangazi yangu bado ni "Nyingine".

Nilipomweleza kisanduku alichotiwa, alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. Kisha akakumbuka shida yake ya kweli: chumba cha mwisho kulia, karibu na uani, kimekuwa wazi tangu mwisho wa mwezi. Hakijatangazwa popote, na hakitatangazwa. Vyumba vya Majengo hupata watu kwa maneno ya mdomo. Dirisha moja, umeme wa tokeni, maji ya mkokoteni siku bomba likikauka. Ukimjua mtu mwenye adabu, asiyerudi usiku wa manane, mwelekeze. Bei ataambiwa akifika, na inategemea shangazi amemwonaje.