Ujumuishi kazini: nani huambiwa mapema?

Ukiuliza taasisi kubwa kama ina ujumuishi, yaani kama watu wa kila namna wana nafasi humo, utaonyeshwa idadi: wanawake wangapi wameajiriwa, watu wenye ulemavu wangapi, vijana wangapi. Idadi hizo si za kubezwa, maana pasipo kuhesabu ubaguzi hujificha vizuri sana. Mwaka 2004 wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Boston na Chicago. Walituma wasifu wa kubuni kwa waajiri, sifa zikilingana, majina yakitofautiana. Wenye majina yanayosikika kuwa ya Wazungu waliitwa kwa asilimia 50 zaidi ya wenye majina yanayosikika kuwa ya Wamarekani weusi. Sidhani kama kuna meneja mmoja kati yao ambaye angekubali kwamba alimkataa mtu kwa jina lake.

Lakini hesabu za ajira huishia getini. Ukishaingia, safari yako huamuliwa na mambo ambayo hayamo kwenye mkataba: nani anakunong'oneza kwamba nafasi inakuja, nani anakutaja katika kikao ambacho hukualikwa, nani anaipitia ripoti yako kabla bosi hajaiona. Huo ndio mtaji wa kijamii, na haugawiwi pamoja na kitambulisho cha kazi.

Mtaji huo haufanyi kazi kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha kwamba, miongoni mwa wataalamu aliowachunguza waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, ni asilimia 16.7 tu waliokuwa wakikutana na mtu huyo mara nyingi. Asilimia 55.6 walikutana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra. Rafiki wa karibu, kwa kawaida, anajua yaleyale unayoyajua. Habari mpya huletwa na mtu wa mbali kidogo. Ndiyo maana nina shaka na mtindo wa kuunda vikundi vya wafanyakazi wanaofanana na kuishia hapo. Vikundi hivyo huondoa upweke, jambo ambalo si dogo kwa mtu aliye peke yake katika idara nzima. Ila wote waliomo wakiwa ngazi za chini, watafarijiana bila yeyote kati yao kujua bajeti ya mwaka ujao imeelekezwa wapi.

Wapo wanaotetea kujuana, na hoja yao ina uzito. Meneja anayempa kazi ngumu mtu aliyemzoea si lazima awe na chuki. Anajua huyo hatamwangusha saa ya mwisho. Uaminifu huharakisha kazi. Kila kitu kikipitishwa kwenye kamati, maamuzi hudorora, na kamati yenyewe inaweza kugeuka maigizo: watu sita wanasailiwa wakati barua ya uteuzi imeshaandikwa. Katika ofisi ya watu wanane taratibu za namna hiyo ni kero tupu.

Watetezi hao wana ushahidi pia. Norway ilipitisha mwaka 2003 sheria ya kutaka kila jinsia iwe na angalau asilimia 40 ya viti katika bodi za kampuni kubwa za hisa. Viti vilijazwa. Hata hivyo, wachumi waliofuatilia hawakuona faida ya wazi kwa wanawake wa ngazi za chini katika kampuni hizohizo. Nazo semina za kupambana na upendeleo, zinazopendwa kwa kuwa hazimgusi mtu mamlaka yake, hazina rekodi ya kujivunia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu maeneo 708 ya kazi ya sekta binafsi nchini Marekani ulizikuta miongoni mwa hatua zenye tija ndogo kabisa. Mipango ya ulezi, yaani mwenye uzoefu kumwongoza mwenzake kazini, na ya kuunganisha watu ilisaidia kiasi. Iliyofanya vizuri zaidi ni kumpa mtu au kamati jukumu la kujibu kwa nini mambo hayabadiliki.

Kwangu mimi, ni bure kuwalazimisha watu wapendane. Waacheni marafiki zao. Fursa ndizo ziondolewe mikononi mwa urafiki. Nafasi ya kukaimu, hata ya miezi mitatu, itangazwe. Lililoamuliwa kwenye kundi la WhatsApp usiku liandikwe asubuhi mahali ambapo kila anayehusika atalisoma. Kuandika mihutasari na kuandaa hafla za kuaga kuwe kwa zamu. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa katika makundi mchanganyiko wanawake huombwa zaidi kufanya kazi za namna hii zisizompandisha mtu cheo, na hukubali zaidi. Mameneja watanung'unika kwamba wamenyang'anywa uhuru wa kuchagua, na kweli watakuwa wamenyang'anywa kiasi.

Panabaki jambo moja ambalo utaratibu haulifikii. Mlezi unaweza kupangiwa. Mtu wa kuweka jina lake rehani kwa ajili yako hapangwi kwa waraka. Hukubali kufanya hivyo baada ya kukuona ukifanya kazi nzito, na anayepewa kazi nyepesi miaka yote haonwi. Kwa hiyo, kabla ya kuanzisha mpango mwingine wa ulezi, mwajiri apitie orodha ya miradi mikubwa ya miaka miwili iliyopita na kutazama ni majina gani yanajirudia.