Draivu Yangu, Kufuli Lao

Mwaka 2006 ami yangu alikuja Unguja kutoka Maskati na diski mbili za DVD, halali kabisa, bado zimo ndani ya nailoni na bei ya duka imebandikwa juu. Nyumba nzima ikajazana sebuleni. Nikaingiza ya kwanza kwenye draivu ya kompyuta yangu ya mezani, yaani kile chombo cha kusomea diski, ikazunguka, ikanguruma kidogo, kisha likatokea dirisha: diski hii ni ya kanda namba 2, draivu yako ni ya kanda namba 5. Unataka kubadilisha? Umebakiwa na mara nne.

“Kanda gani tena, mwanangu?” ami akauliza. “Si mlisema kanda zimekwisha, siku hizi diski?”

Tulicheka, lakini filamu hatukuiona. Ndipo nilipojifunza kwamba wenye studio za filamu walikuwa wameigawa dunia mafungu. Marekani na Kanada ni 1. Ulaya, Japani, Mashariki ya Kati na Afrika Kusini ni 2. Sisi Afrika iliyobaki tulitiwa kwenye 5 pamoja na Urusi, India na Pakistani. Uchina ina ya kwake, 6, na hata ndege na meli za kimataifa zilipewa ya 8. Shabaha ilikuwa filamu itoke kila mahali kwa tarehe na bei wanayoitaka wao. Kwa hiyo baina ya Maskati na Unguja, ambako majahazi yalikwenda na kurudi kwa kaskazi na kusi karne kwa karne, mtu fulani ofisini alipiga mstari, na mstari huo ukaja kukaa ndani ya kompyuta yangu.

Kilichoniudhi zaidi ni hiki: diski za kuchomwa zilizokuwa zikiuzwa Darajani kwa bei ya soda zilicheza bila swali lolote. Mwenye kuchoma huwa hajali kanda, anaiondoa. Kufuli lilimngoja ami, aliyeingia dukani, akatoa riali zake na kuchukua risiti.

Watu wengi hudhani kizuizi kama hiki kiko kwenye Windows, wakaipangusa kompyuta yote na kuanza upya. Haisaidii. Ndani ya draivu mna kompyuta ndogo yenye chipu yake na kumbukumbu yake ya flashi, na humo mna programu inayoitwa femweya, isiyozidi megabaiti chache. Hiyo ndiyo inayojua mota izunguke kwa kasi gani, leza ipate nguvu kiasi gani, na diski tupu ya kiwanda fulani ichomwe vipi. Draivu za zamani hazikujishughulisha na kanda, ziliiachia programu ya kuchezea filamu. Kuanzia tarehe 1 Januari 2000 draivu mpya zilitakiwa kulinda kanda zenyewe: unaruhusiwa kubadilisha mara 5, baada ya hapo ile uliyoishia nayo ni ya milele. Hesabu hiyo inakaa kwenye draivu. Ichomoe, ipeleke kwenye kompyuta ya jirani, inakwenda na hesabu yake.

Ndiyo maana nikaflashi. Mafundi wetu hilo neno wanalijua kutoka kwenye simu, na kazi ni ileile: unaifuta femweya ya kiwandani na kuandika nyingine, iliyorekebishwa ili isiulize mambo ya kanda.

Rafiki yangu mmoja, fundi mzuri tu, hupenda kusema “umeichakachua.” Silikubali neno hilo. Kuchakachua ni kutia mafuta ya taa kwenye dizeli ukamuuzia mtu asiyejua. Mimi sikumuuzia mtu kitu. Draivu ni yangu, diski ni ya ami, na tulichotaka ni kutazama filamu iliyokwisha lipiwa. Ukinunua simu iliyofungwa mtandao mmoja ukaenda kuifungua itumie laini zote, nani anakuita mwizi?

Tena wenye viwanda wenyewe wametuonyesha kwamba femweya na uwezo wa chombo ni vitu viwili. Mwaka 2004 kampuni ya NEC iliuza draivu ya ND-2500A, isiyochoma diski za tabaka mbili, kisha ikaleta ND-2510A inayochoma. Watu wakatia femweya ya ile mpya kwenye ile ya zamani, na ikachoma tabaka mbili. Mashine ilikuwa nao uwezo, ila haikuruhusiwa kuutumia.

Sheria ni habari nyingine, nayo haiko sawa kila nchi. Marekani ina sheria ya 1998 inayokataza kuvunja kinga za kidijitali hata kwa kitu ulichokinunua, na misamaha yake hupitiwa kila baada ya miaka mitatu. New Zealand, katika marekebisho yake ya 2008, ilisema wazi kuwa kinga ya kugawa soko kwa kanda haihesabiki. Na Norway kuna kesi ya Jon Lech Johansen, aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1999 ilipotoka programu aliyoshiriki kuitengeneza, ya kufungua usimbaji wa DVD, yaani kufuli la siri la diski. Hakugusa femweya ya draivu, lakini hoja iliyokuwa mbele ya mahakama ni ndugu wa hoja yangu: je, mtu anaweza kushitakiwa kwa kuifungua diski aliyoinunua? Akaachiwa Januari 2003, waendesha mashtaka wakakata rufaa, akaachiwa tena Desemba mwaka huohuo.

Sasa nikiri upande wangu. Draivu ya kwanza niliiua. Kazi ilikuwa imefika katikati, upau unasogea vizuri, umeme ukakatika. Ulipowaka tena draivu ilikuwa haifungui hata mlango wake. Tangu siku hiyo naflashi kwa laptopu yenye betri iliyojaa au kwa UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, na kabla ya yote naichota femweya ya asili na kuiweka mahali pawili. Namba ya modeli haitoshi, kwa sababu draivu mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na chipu tofauti, kwa hiyo naangalia lebo nyuma, mwezi wa kutengenezwa na toleo la femweya. Anayekuambia ni dakika mbili tu anasema kweli, lakini dakika mbili hizo ndizo zenye kuua.

Kufuli za leo zinanifanya niikumbuke DVD kwa huruma. Ile angalau ilikuhesabia mbele ya macho yako. Kwenye Blu-ray, diski zilizokuja baada ya DVD, kila diski mpya huja na orodha ya programu zilizopigwa marufuku. Ukiiingiza, draivu inaihifadhi orodha hiyo ndani yake moja kwa moja, na programu uliyokuwa ukiitumia jana inaweza kukataliwa leo, hata kwa diski za zamani. Hujaulizwa. Umeingiza filamu, draivu imebadilika.

Diski za 4K zilizotoka 2016 hazina kanda, Alhamdulillahi, lakini ili uzitazame kwa njia rasmi kwenye kompyuta ulihitaji prosesa ya Intel yenye kitu kiitwacho SGX, mlinzi wa funguo za siri za diski. Kuanzia kizazi cha 11 Intel ikakiondoa kwenye prosesa za kompyuta za kawaida. Mtu ananunua kompyuta mpya, yenye nguvu kuliko ya zamani, na diski zake hazichezi. Wanaookoka ni wale wenye draivu fulani za LG na ASUS zenye chipu ya MediaTek, zilizotiwa femweya ya zamani au iliyorekebishwa ili programu kama MakeMKV isome diski bila kupitia mlinzi huyo. Watengenezaji walipogundua, wakatoa masasisho yanayozuia kurudi nyuma: ukishasasisha, femweya ya zamani haiingii tena kwa njia ya kawaida. Sasisho la namna hiyo mimi siliiti huduma. Ni fundi aliyekuja kurekebisha bomba akaondoka na ufunguo wa nyumba.

Na muda unakwisha. Februari 2025 Sony iliacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray. Draivu zinapungua madukani, zilizobaki ni mitumba, na ukipata moja nzuri sasa ishike. Ile niliyoiflashi baada ya kuua ya kwanza ninayo bado, imo kwenye kasha la USB, inasoma kila kanda.

Ramadhani iliyopita nilizikuta diski za ami kabatini. Nikaingiza ile ya kwanza, ikacheza mara moja, nikampigia simu ya video Maskati aione. Akaweka miwani, akasogeza uso mpaka nikaona paji tu.

“Ndiyo hii?” akasema. “Hii nimeshaiona kwenye tivii, mwanangu. Mwisho wake mbaya.”